Mvua ya Nairobi Hulala Mara Mbili

Mutunga wa Mbithi ni mchongaji wa vinyago na ni mbishi, na katika miaka kumi na mitatu ya ujirani wetu sijamwona akipumzika kazi yoyote kati ya hizo mbili. Ukimwambia leo ni Jumanne, atakuuliza umeanza kuhesabu wapi. Kibanda chake kiko Shauri Moyo, unapoteremka kwenda Gikomba, mabati yenye kutu na turubai moja, na mimi, Patrobas Nyongesa, naishi mlango wa pili kutoka kwake. Nilikuwa nafanya kazi Industrial Area, kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi, mpaka walipotupunguza. Tangu hapo nampigia Mutunga vinyago msasa. Siku nyingine ananitukana mimi na Waluhya wote na ugali wetu, nami namrudishia kwa Wakamba wake na muthokoi wao, mahindi ya kukobolewa, na kazi inaendelea.

Wateja wanataka simba, twiga na ndovu, na hao anawachonga huku akibishana siasa na wapita njia. Lakini kwenye rafu ya nyuma, ambayo haiuzwi, kuna wanyama ambao watu wengi wa mitaa yetu ya Eastlands hawawajui. Kuna pelele, mnyama mdogo mnene kama sungura aliyekatwa masikio, amekaa juu ya jiwe. Kuna mbuzi mawe amesimama kwa ncha za kwato. Kuna kenge, kuna fisi maji na samaki mdomoni, kuna tai mweusi amekunja mabawa. Wote hao ni wenyeji wa mahali pamoja, korongo la Kwa Ndunda, huko Ukambani, ambako Mto Athi umekata mwamba hadi kina cha gorofa ishirini. Mutunga alizaliwa kwenye ukingo wa korongo hilo. Ameishi Nairobi miaka thelathini na sita, na hadi leo akisema "nyumbani" ujue hazungumzii Shauri Moyo.

Baba yake, mzee Mbithi, alimwachia mambo mawili. La kwanza ni kwamba mti wa korongoni haukatwi. Mizizi ndiyo inayoshika genge, alisema mzee, ukikata mti umeng'oa msumari. Kwa hiyo mchongaji wa ukoo wao hungoja mafuriko. Mto hung'oa miti huko juu, huisukuma na kuigongesha mawe njia nzima, na kwenye kona moja ya korongo huyatema magogo juu ya mchanga. Gogo lililofika hapo limeshapoteza gamba na ule mti mweupe laini, limebaki moyo mtupu, na moyo huo ukikauka haupasuki. Kila mwaka Mutunga hushuka kuchukua lake.

Jambo la pili ni msemo. Mvua ya Nairobi hulala njiani mara mbili. Maana yake, mvua ikinyesha huku kwetu Jumatatu jioni, maji hulala njiani Jumatatu, hulala tena Jumanne, ndipo yafike korongoni Jumatano. Watu wa kule hawana habari ya mvua ya Nairobi. Kwao jua linawaka na anga ni buluu, na mto unaweza kuwajia mzima mzima kutoka mji ambao hawauoni. Msemo huo uliwapa nafasi ya kutoa mbuzi wao. Mutunga aliutaja kila mvua iliponyesha, na mimi nilikuwa nimeukariri kama Baba Yetu.

Lazima niseme habari ya Muoki hapa, hata kama Mutunga hatapenda. Muoki alikuwa mume wa Kathini, dada mkubwa wa Mutunga, na boma lao ndilo la mwisho kabla ya ukingo. Miaka miwili iliyopita mvua kubwa ilinyesha Nairobi Jumamosi jioni. Jumapili baada ya ibada Muoki aliteremka korongoni na punda wake kuchota maji, na hakurudi. Jumatatu asubuhi watu walipofika ukingoni walikuta mto umejaa, na mwili ulipatikana Jumatano, mbali sana.

Kathini alisema alisikia ngurumo ya maji Jumapili ileile, saa saba mchana, akiwa jikoni. Mutunga akamwambia alisikia upepo, korongo lina upepo wake. Nilikuwa kwenye mazishi hayo. Nilimsikia Mutunga akisimama mbele ya jeneza, mbele ya kanisa zima, na kupiga hesabu kwa Kiswahili, ili nasi wageni tuelewe: mvua Jumamosi, maji Jumatatu. Kama Muoki alishuka Jumapili na maji yakamkuta, basi alilala mchangani usiku mzima, na mtu mwenye akili timamu halali mchangani. Muoki alikuwa mlevi zamani, kila mtu alijua, na kila mtu alijua vilevile kwamba alikuwa ameokoka na hajagusa chupa kwa miaka sita. "Tumsamehe," Mutunga alisema, "shetani ana subira." Kathini aliinua uso akamtazama mdogo wake, kisha akalitazama jeneza. Tangu siku hiyo walizungumza, wakasalimiana, wakapikiana, lakini kanisani Kathini hakuwahi tena kuketi benchi moja naye.

Sasa nisikilize.

Aprili iliyopita, Jumatatu, mvua ilianza saa kumi na moja jioni. Haikuwa mvua ya kupiga hodi. Kufikia saa moja Gikomba ilikuwa inaelea, mitumba inakimbia na maji, na mto ule unaopita chini yetu kwenda kuingia Athi ulikuwa umepanda hadi kwenye vibanda vya wauza viatu. Mimi na Lenah, mke wangu, tulikuwa tunainua godoro juu ya meza Mutunga alipotokea mlangoni, kofia inatiririka, uso umechangamka kama mtu anayekwenda harusini.

"Patro, kesho asubuhi tunashuka Kwa Ndunda."

"Mzee, na hii mvua?"

"Ndiyo maana! Kuna gogo la muhugu kule konani, limeletwa na mafuriko ya Machi. Nimeambiwa ni nene hivi." Alifungua mikono kama anayekumbatia pipa. "Hii mvua itafika Jumatano ilichukue. Lazima tulitoe kesho."

Lenah aliacha godoro. "Mzee Mutunga, mimi sijui mambo ya mito ya Ukambani. Lakini mtu akiona maji yamekuja juu anakimbia juu. Nyinyi mnataka kukimbia chini?"

"Mama Millicent, mvua ya Nairobi hulala njiani mara mbili."

"Hata mimi ningelala, lakini na hii fujo nitalala vipi?" alisema Lenah, na Mutunga akacheka sana. Mimi pia nilicheka. Ningekuwa mtu asiyejua lolote kuhusu korongo lile, ningekataa kwenda, na ningekuwa sawa.

Saa tatu asubuhi Jumanne tulikuwa tumeshuka kwenye pikipiki, tumesimama ukingoni, kamba begani mwangu na shoka la kupunguzia matawi mkononi mwa Mutunga. Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na wingu hata la kufuta macho. Mutunga alimpigia Kathini simu hapo juu, kwa sababu chini hakuna mtandao, na akaweka sauti kubwa ili nami nisalimie.

"Dada, tumefika. Tunatoa gogo konani, halafu tunakuja kula."

"Karibuni. Mimi ndiyo nashuka kisimani, nikirudi nitapika. Kwenu mnaendeleaje?"

"Salama tu."

Ndivyo alivyojibu. Nilikuwa nimesimama pale na viatu vyangu vingali na tope la Gikomba. Hakuficha kitu, nataka hilo lieleweke. Aliona maji ni ya kesho, na habari ya kesho ataisimulia jioni wakila. Akakata simu.

Njia ya kuteremka ni nyembamba, na Mutunga huishuka akihubiri. Kule juu ni migunga na vumbi. Ukishuka kidogo joto linapungua, mawe yanaanza kuwa na kuvu, halafu unakutana na mikuyu iliyokaa kwenye ufa wa mwamba na kuteremsha mizizi chini mita kumi, kumi na tano, kutafuta maji. Alinionyesha mistari myeupe ya mkojo wa pelele kwenye genge, ya miaka mingi kuliko sisi. Alinionyesha kiota cha tai, akanieleza kwamba tai anaishi kwa pelele, na pelele anaishi kwa majani ya mkuyu, na mkuyu unaishi kwa nyigu mdogo asiyeonekana anayeingia ndani ya tunda. "Ukiua nyigu, tai atakufa njaa," alisema. Sauti za mbayuwayu zilijaa mle ndani kama shule wakati wa mapumziko. Mto ulikuwa chini, mwembamba, wa rangi ya chai, unapita upande mmoja wa mchanga bila haraka.

Gogo lilikuwepo. Nakiri lilikuwa zuri. Mutunga alilipiga kwa mpini wa shoka akatega sikio, akalipiga tena, akatabasamu. Tulilifunga kamba, tukaanza kulivuta kidogo kidogo kuelekea chini ya njia, huku akinilaumu kwamba navuta kama mtu aliyelishwa mboga tu. Tulivua mashati. Lake aliliweka juu ya jiwe karibu na maji. Saa zilipita hivyo, na ilikuwa imekaribia saa sita nilipoinua uso kujifuta jasho na kunusa kitu.

Nilikifahamu kabla ya kukitaja. Kwa miaka kumi na moja harufu hiyo ilikaa kwenye nguo zangu, Lenah akifua mara mbili na bado ikabaki. Ni rangi ya nguo na magadi makali, ile inayotoka kwenye mtaro nyuma ya kiwanda mvua ikinyesha, wakati wenye kiwanda wanapofungua bomba wakijua mvua itawafunika.

"Mzee, nasikia harufu ya Industrial Area."

"Umeibeba puani, Patro. Oga."

"Sikutanii. Hii ni ya mtaro wetu. Na ni ya mvua, hawafunguangi siku za jua."

"Maji ni ya kesho," alisema, na akashika kamba. "Vuta."

Sikuvuta. Nilikuwa natazama mto. Kwenye dimbwi lililo karibu nasi kambare walikuwa wamepanda juu, midomo nje, wanahema kama watu waliofungiwa chumbani na jiko la makaa. Povu lilianza kupita, jembamba, halafu nene. Halafu ikapita ndala moja ya mtoto, ya waridi, inazunguka polepole, na nyuma yake karatasi nyingi za nailoni.

"Buda," nilisema kwa Sheng, na sijawahi kumwita hivyo, "hiyo ndala imelala wapi mara mbili?"

Mutunga aliiachia kamba. Alikuwa anatazama shati lake. Alipoliweka, jiwe lilikuwa kavu, mita nzima kutoka majini, na sasa nusu ya shati ilikuwa inaelea. Aliinua macho kwenye genge, nami nikafuata macho yake. Pelele waliokuwa wametapakaa kwenye miamba ya chini hawakuwepo. Walikuwa juu kabisa, wamejipanga kwenye ufa, wote wanatazama upande mmoja, upande maji yanakotoka. Mbayuwayu walikuwa wamenyamaza.

Nilimwona akizeeka hapo hapo. Mdomo ulifunguka, akasema neno moja.

"Kathini."

Kisima cha Kathini kilikuwa mle mle korongoni, kule mto unakoelekea, nyuma ya kona, mwendo wa dakika saba kwa mtu anayetembea. Maji ya mto siku hizi hayanyweki, kwa hiyo wanawake wa kule huchimba mchangani, kina cha mtu mzima, wakingoja asubuhi nzima maji yachujike. Mtu aliye ndani ya shimo hilo hasikii kitu na haoni kitu ila duara la anga juu ya kichwa. Njia yetu ya kupandia ilikuwa pale, hatua ishirini. Sitadanganya, niliitazama. Lakini Mutunga alishaanza kukimbia kwenda chini, mzee wa miaka hamsini na nane, kifua wazi, na mimi nikamwaga matusi na kuifungua kamba kwenye gogo nikamfuata.

Tulikimbia juu ya mawe. Mutunga aliteleza akapiga goti kwenye mwamba, nikasikia mlio wake, akainuka na kuendelea huku akichechemea na kuita jina la dada yake. Korongo lilitwaa sauti yake na kuirudisha vipande vipande. Maji yalikuwa sasa yanakuja juu ya mchanga wenyewe, ulimi mwembamba wa kahawia, kimya, unaingia kwenye alama za kwato na kuzijaza. Na nyuma yetu, mbali, nilianza kusikia kile ambacho Kathini alikisikia akiwa jikoni kwake miaka miwili iliyopita. Mtu akiniambia ni upepo, nitampiga kofi.

Mitungi mitatu ya manjano ilikuwa imepangwa kando ya shimo. Mutunga alijitupa kifudifudi pembeni.

"Dada! Toka! Maji!"

Kathini aliinua uso, kata mkononi, maji ya kahawia yakianza kumiminika juu ya ukingo hadi mabegani mwake. Hakuuliza swali. Niliteremsha kamba, akaizungusha kiunoni, na tukamvuta. Kuta za mchanga zilikuwa zinabomoka. Kila akikanyaga mguu ulizama. Mara ya kwanza alirudi chini hadi shingoni. Mara ya pili nilimshika mkono, Mutunga akamshika kitambaa cha kiuno, tukaanguka wote watatu kwa pamoja, na shimo likajifunga nyuma yake kama halikuwahi kuwepo.

"Mkuyuni," alisema Kathini. Hilo tu.

Mkuyu ule ulikuwa umekaa kwenye ufa, juu ya vichwa vyetu sana, lakini mizizi yake ilishuka hadi mchangani, minene kama paja, imesukana kama ngazi. Mutunga alimsukuma dada yake mbele. Nilipanda wa mwisho. Nilipokuwa nimefika urefu wa gorofa moja, ngurumo ilipiga kona. Sikuona maji kwanza. Niliona mabati, matairi, mlango wa choo, mti mzima na majani yake, vyote vimesimama wima kama ukuta unaotembea, halafu maji nyuma yake yakisukuma. Mzizi uliokuwa chini ya mguu wangu ulitetemeka. Nilipanda kwa namna ambayo sikujua naweza, na mkono wa Mutunga ukanidaka shingoni kama paka anavyobeba mwanawe.

Tulikaa kwenye ufa huo, migongo kwenye mwamba, maji yakipita mita mbili chini ya nyayo. Kenge mkubwa alikuwa amejibanza hatua mbili kutoka kwetu, na juu yetu pelele, na hakuna aliyemjali mwenzake. Gogo letu la muhugu lilipita chini, likagonga genge, likazama.

Ilipita saa nzima, labda zaidi. Kathini alikuwa amekamua kitambaa cha kichwa na kukifunga upya, vizuri, kama anayekwenda mahali. Aliuliza kwa Kiswahili, ili nami nisikie, bila kumtazama ndugu yake.

"Ilinyesha lini Nairobi?"

"Jana jioni," alisema Mutunga.

"Kubwa?"

"Kubwa."

"Na asubuhi uliniambia mko salama."

"Nilijua ni ya kesho. Baba alisema..."

"Baba alisema akiwa anakaa huku," Kathini alisema. "Wewe unakaa kule inakotoka. Kule kulikuwa na majani, kulikuwa na udongo. Miaka thelathini na sita wewe umeona wakimwaga lami, umeona wakijenga gorofa juu ya mto, umeona mabati kila mahali. Maji yatalala wapi? Kitanda kiko wapi? Si wewe ndiye ungekuja kutuambia?"

Mutunga mbishi alitazama goti lake linalotoka damu.

"Tangu Muoki afe," Kathini aliendelea, na sauti haikupanda, "mimi sishuki humu kabla sijamwuliza dereva wa gari la asubuhi kutoka Nairobi kama kwenu kulinyesha. Kila siku. Mvua, jua, namwuliza. Anajua nitauliza, anapunguza mwendo kabisa. Leo sikwenda barabarani. Niliona sina haja, kwa sababu nilikuwa nimeongea na ndugu yangu."

Maji yalikuwa yanapita chini. Mutunga alianza kulia, kwanza kimya, halafu kwa sauti mbaya ya mtu mzima asiye na mazoea. Alishika mkono wa Kathini. Kathini aliuacha mkono ule ushikwe, lakini yeye hakumshika.

"Alishuka Jumapili saa sita," alisema Mutunga. "Mvua ilikuwa Jumamosi."

"Ndiyo."

"Hakuwa amelala mchangani."

"Hakuwa."

"Hakuwa amelewa, dada."

"Mimi unaniambia nini?" Kathini alisema. "Mimi nilijua siku ileile. Si mimi uliyenihesabia, ulilihesabia kanisa."

Walitutoa saa kumi jioni. Majirani waliteremka kwa njia ya pelele, wakatufunga kamba mmoja mmoja. Kathini alitupikia kama alivyoahidi. Aliniwekea mimi kipande cha paja la kuku, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za Millicent wangu shuleni. Mutunga naye alipewa chakula chake. Kwa siku nne zilizofuata, goti likiuguzwa, nilikula muthokoi na sikuthubutu kutania.

Jumatano asubuhi, siku ile maji yalipotakiwa kufika kwa msemo wa mzee Mbithi, niliteremka na Mutunga hadi ukingoni. Mto ulikuwa umeanza kushuka. Aliutazama muda mrefu. Aliniuliza nilijuaje, nikamwambia ni pua tu, mzee, kila mtu ananusa kwao. Alitikisa kichwa.

Jumapili tulikwenda kanisani. Ni kanisa dogo la mabati, madirisha hayana vioo, na nyuma yake ndiko makaburi yaliko. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, Mutunga alinyanyuka kabla hajamaliza kuuliza. Alikwenda mbele akichechemea. Watu walinong'ona, maana habari ya mkuyu ilikuwa imeshaenea, na walidhani anakwenda kumshukuru Mungu kwa kuokoka.

Alisema kwa Kikamba. Mimi nilishika majina tu, Muoki, Nairobi, Kathini, na nikaona mgongo wa mzee mmoja mbele yangu ukinyooka. Halafu, kwa sababu nilikuwa nimeketi pale, mgeni asiyejua lugha, na kwa sababu nilikuwa kwenye mazishi na nilimsikia, akavuta pumzi na kurudia yote kwa Kiswahili. Angeweza kuniacha. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Nilisimama hapa nikasema shemeji yangu alikufa mlevi. Nilimwambia dada yangu alisikia upepo. Muoki hakuwa amelewa. Maji yalifika Jumapili, kama Kathini alivyosema, na mimi nilisema uongo juu ya jeneza la mtu ambaye hangeweza kunijibu. Msemo wa baba yangu umekufa. Msiufuate. Nambari yangu ya simu nitamwachia mchungaji. Ikinyesha Nairobi nitapiga, hata ikiwa manyunyu, na nisipopiga mnipigie mniulize."

Alibaki amesimama pale, mikono imelegea, kama hajui mtu hurudije nyuma kutoka mbele. Alianza kuja kuelekea kwangu, kwenye benchi la wageni.

Kathini alikuwa ameketi benchi la tatu, mwishoni, na Biblia yake iko kando yake kwenye nafasi ya Muoki, mahali ambapo alikuwa akiiweka kila Jumapili kwa miaka miwili ili mtu asikae. Hakugeuka. Mutunga alipofika usawa wake, Kathini aliichukua ile Biblia, akaiweka mapajani mwake.

Mutunga akaketi.